Maswali ya wasomaji: Wahispania, Potosí na Ngome ya Yesu

Mwalimu, ni kweli Wahispania 168 waliiangusha dola ya Inka? (Msomaji, Morogoro)

Hao ndio walioingia Cajamarca, mji wa Peru ya leo, na Francisco Pizarro mwaka 1532, ila peke yao wasingefika mbali. Mfalme Huayna Capac alikuwa amekufa kwa maradhi, na wanawe Atahualpa na Huáscar walikuwa wametoka kupigana vita vya kugombea kiti. Atahualpa alitekwa kwa hila, akajikomboa kwa kujaza chumba dhahabu, na bado wakamuua mwaka 1533. Wengi waliochoshwa na utawala wa Inka, Wakañari kwa mfano, wakaungana na wageni. Meksiko ilikuwa hivyohivyo: Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, iliangushwa mwaka 1521 na maelfu ya wapiganaji wa Tlaxcala waliokuwa upande wa Hernán Cortés, huku ndui ikiumaliza mji kutoka ndani.

Walichota fedha nyingi kiasi kile Amerika. Mbona walifilisika? (Msomaji, Kisumu)

Swali hili nalipenda, maana linatupeleka Potosí, katika Bolivia ya leo, mji ulioko karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 1545 madini ya fedha yaligunduliwa katika mlima wa Cerro Rico. Miaka ya 1570 gavana mkuu Francisco de Toledo akaweka kazi ya lazima iliyoitwa mita: vijiji vya milimani vilitakiwa kupeleka mwanaume mmoja kati ya saba kila mwaka. Watu walitembea wiki nzima, wengine zaidi, pamoja na wake, watoto na llama wao. Mgodini walipanda ngazi gizani, mawe mgongoni, mshumaa ndio taa yao. Mawe yakisagwa, unga wake ulichanganywa na zebaki kutoka Huancavelica, Peru, ili kuitenga fedha, na mara nyingi walioukanyaga kwa miguu ili uchanganyike walikuwa wafanyakazi haohao. Zebaki ni sumu. Kila nikisikia Philip II, mfalme wa Hispania, akisifiwa kwa utajiri, nawakumbuka hao kwanza.

Na utajiri wenyewe haukukaa Hispania. Mfalme alikuwa na vita kila upande, hasa Uholanzi, na mabenki ya Genoa yalikuwa yamemkopesha kwa kutegemea meli ambazo hazijafika. Fedha ikitua Sevilla, bandari ya Hispania, tayari ina mwenyewe. Alishindwa kulipa wadai mwaka 1557, tena 1575, tena 1596. Nyingine ilivuka Pasifiki kutoka Acapulco, Meksiko, hadi Manila, Ufilipino, ikaishia Uchina kununua hariri na vyombo vya kaure. Safari hizo ziliendelea hadi mwaka 1815.

Waliwahi kutawala pwani yetu? (Msomaji, Mombasa)

Kwa mlango wa nyuma, ndiyo. Mwaka 1580 Philip II alichukua pia kiti cha Ureno, na falme hizo mbili zikawa na mfalme mmoja hadi 1640. Makapteni waliendelea kuwa Wareno, lakini Ngome ya Yesu ilipoanza kujengwa mwaka 1593, mfalme wao alikuwa yeye. Hata Sultani Yusuf bin Hassan alipowaasi Wareno na kuitwaa ngome hiyo mwaka 1631, aliyekuwa madarakani ni mjukuu wa Philip II, yaani Philip IV.

Mahindi na muhogo waliyaleta wao? (Msomaji, Songea)

Asili yake ni Amerika, lakini huku Afrika sifa hiyo ni ya Wareno zaidi.

Kuna nchi ya Afrika inayozungumza Kihispania? (Msomaji, Bujumbura)

Guinea ya Ikweta. Ureno iliwaachia Wahispania visiwa vya Bioko na Annobón mwaka 1778, na uhuru ukapatikana tarehe 12 Oktoba 1968. Usiisahau Sahara Magharibi, ndugu yangu. Hispania iliondoka huko mwaka 1976 bila ya kura ya maoni iliyoahidiwa wananchi, na mpaka leo Umoja wa Mataifa unaiorodhesha kama nchi ambayo haijajitawala. Katika kambi za wakimbizi karibu na Tindouf, Algeria, watoto wa Kisahrawi bado wanafundishwa Kihispania shuleni.