Msibonyeze nyinyi: kwa wanaoanza kufunga vifaa vya wazee vya kuitia msaada

Juma lililopita nilimsindikiza kijana mgeni kazini kwenye nyumba ya mzee wa miaka 88, hapa kaskazini mwa Uingereza. Akachomeka mashine inayompigia simu opereta wa kituo cha msaada, akashika kitufe cha kuiamsha, kile cha kuvaa shingoni, akakibonyeza kwa kidole gumba chake mwenyewe. Opereta akaitika. "Tayari," akasema, akampa mzee kalamu atie sahihi. Dakika kumi na mbili! Nilinyamaza mbele ya mwenye nyumba, lakini garini nilimwambia yote haya, na nanyi nawaambia, maana si wa kwanza mwezi huu.

1. Kitufe kibonyezwe na atakayekivaa. Mwaka wangu wa pili nilimfungia mashine bibi mmoja aliyeishi peke yake. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, nami niliviona. Alinimiminia chai akiwa ameikumbatia birika kwa viganja viwili, kifuniko akakisukuma kwa kifundo cha mkono. Yote hayo niliyatazama nikiwa mezani pake, nikinywa chai yake. Kisha nikabonyeza mimi, opereta akaitika, nikaandika kwenye fomu: "Kimejaribiwa, kinafanya kazi." Nikamvisha, nikaaga.

Wiki tatu baadaye alianguka saa nane usiku akielekea msalani. Mhudumu wa asubuhi alimkuta saa mbili na nusu, yuko sakafuni kati ya kitanda na mlango, kitufe kifuani. Ofisini tulifungua kumbukumbu za simu tukidhani mashine imekufa. Ilikuwa nzima. Usiku ule haikutoka simu hata moja. Alikuwa amekibonyeza kitufe tena na tena, kwa muda wa saa sita na nusu, na kidole hakikuwa na nguvu ya kukifikisha pale kinapoitika.

Nilikwenda kumwona wodini. Nyonga na kisigino vilikuwa vimechubuka kwa kulalia sakafu. Akaninyoshea kidole gumba: kwenye ncha damu ilikuwa imevilia, duara la ukubwa wa kile kitufe. "Nilijaribu, mwanangu," akasema. "Nikadhani ni mimi nisiyejua kukitumia."

Alirudi nyumbani na swichi pana kama kisahani, inayoitika hata kwa kiwiko. Swichi hiyo ilikuwa stoo siku ileile niliyotoka na kitufe kidogo. Sikuulizwa na mtu kwa nini sikuichukua, na ningeulizwa nisingekuwa na jibu.

2. Abonyeze akiwa pale anapoweza kuangukia: bafuni, ngazini, mwisho wa bustani. Kitufe hakiogopi maji, kwa hiyo mwambieni aoge nacho, kisha mwambieni tena. Mzee mmoja, fundi wa reli mstaafu, nilikikuta cha kwake ndani ya droo, kwenye boksi lake, kimeviringishwa karatasi ili kisichakae. Nyumba yake yote ilikuwa hivyo, nyundo zake za ujanani bado zinang'aa. Nilikaa naye nusu saa nzima hadi akakubali kukichakaza.

3. Kamba nyekundu ya bafuni, ile ya kuvuta kuita msaada, ifike karibu na sakafu. Wasafishaji huifunga fundo juu, nanyi kila mkiingia lifungueni.

4. Zimeni umeme mkiwa hapohapo. Laini za simu za zamani, za shaba, zimepangiwa kuzimwa ifikapo mwisho wa Januari 2027. Zile zilipata umeme wake kutoka kituo cha simu. Simu za sasa hupitia ruta, kisanduku cha intaneti, nayo inategemea umeme wa nyumba, ukikatika nayo imekufa. Kanuni zinazitaka kampuni za simu zimwezeshe mteja anayeitegemea simu ya nyumbani kupiga simu ya dharura kwa angalau muda wa saa moja umeme ukikatika. Sasa kumbukeni dhoruba Arwen ya Novemba 2021, iliyoziacha baadhi ya nyumba za huku gizani zaidi ya wiki. Kwa hiyo angalieni betri ya mashine yenyewe, na kama inatumia mtandao wa simu za mkononi, jaribuni pale itakapokaa, si dirishani mlikoiwasha.

5. Kigunduzi cha kuanguka, kile kinachoita msaada chenyewe mtu akianguka, hakioni kila anguko. Mtu akiteleza taratibu ukutani hadi chini, huenda kisistuke kabisa. Mwambieni mwenyewe, na mwambieni bintiye, ambaye mara nyingi ndiye anayelala usingizi kwa kukiamini.

Alasiri ileile tulirudi kwa mzee wa miaka 88. Nilimwomba kijana akae mikono mapajani. Mzee akabonyeza, kimya. Akabonyeza tena, kimya. Mara ya tatu akakibana kwa mikono miwili, meno yameuma mdomo, ndipo opereta akaitika. Kijana aliinuka bila kuambiwa, akaenda garini kuleta swichi pana.