Dirisha la programu likikaa vibaya, acha kubahatisha pikseli

Kama unatengenezea watu programu za stoku na risiti hapa Nairobi, hii simu unaijua: "Boss, ile kitu yako imeharibika." Unafika dukani Kirinyaga Road unakuta hesabu iko sawa, risiti zinatoka, ila maandishi yana ukungu na batani ya Hifadhi imekatwa nusu. Usimcheke. Kwa mwenye duka, vile dirisha linakaa ndiyo programu yenyewe.

Nitaongea ya Python na Tkinter (ile maktaba yake ya kuchora madirisha na batani) kwa Windows juu ndiyo natumia sana.

Tuanze na ukungu. Kubadilisha fonti hakusaidii. Fungua setingi za skrini kwa hiyo mashine, laptopu nyingi utakuta ukubwa uko 125% ama 150%, sasa Windows ikiona programu haijajitambulisha kwamba inaelewa huo ukuzaji wa skrini, inaichora kama skrini ya DPI 96 (nukta kwa inchi, yaani ukubwa wa 100%) halafu inaivuta tu, kama picha ya WhatsApp umezuum. Dawa ni mstari mmoja, ctypes.windll.shcore.SetProcessDpiAwareness(1), na uuite kabla ya Tk() inayofungua dirisha, si baadaye. Uzungushie try/except ili kosa lisiangushe programu, maana hiyo ilianza na Windows 8.1, na ukikutana na duka bado liko Windows 7 programu itakataa kuwaka.

Ukungu ukiisha, shida ya pili inajitokeza, na hapa ndio watu wengi hukwama. Fonti ukiandika 11 kwa Tkinter hiyo ni pointi, kwa hivyo inakua na skrini, lakini geometry("800x500"), ile ya kupanga ukubwa wa dirisha, ni pikseli (nukta za skrini) na haikui, basi maandishi yananenepa ndani ya boksi lile lile na batani ya mwisho inasukumwa nje. Kuna wenye huongeza tu upana na kimo mpaka ikae poa kwa mashine yao, halafu duka linalofuata lina monita ya 1366 kwa 768 na dirisha limeingia chini ya taskbar. Mimi geometry, na place ya kubandika kitu kwa pikseli kamili, nimeziacha. Natumia grid inayopanga vitu kwa safu, safu inayofaa kutanuka naipa weight=1 na vilivyo ndani sticky="nsew" ili vishike pande zote, dirisha lijipime lenyewe, kisha naita update_idletasks() na kuchukua winfo_reqwidth na winfo_reqheight (upana na kimo ambacho dirisha linahitaji) kuwa minsize, yaani udogo wa mwisho. Hata mtu alipunguze vipi, batani haipotei.

Dirisha kuwa jeupe na kuganda ukibonyeza Ripoti ni kitu ingine: kazi nzito iko kwa uzi (thread) mmoja na mainloop, ile lupu ya Tkinter inayochora dirisha na kusikiliza mibonyezo, kwa hivyo hakuna wa kuchora. Wengine hutupia update(), inayolazimisha dirisha kujichora, katikati ya lupu ya hiyo kazi, na ni hatari, keshia akibonyeza tena kazi inaanza mara ya pili ndani ya ile ya kwanza na mauzo yanaingia mara mbili. Peleka kazi kwa thread nyingine, majibu yapite kwa queue (foleni), uyasome na after(), inayoita fankisheni baada ya muda kidogo. Hiyo thread isiguse batani wala lebo yoyote.

Logo haionekani? Python imeitupa picha fankisheni ilipoisha, ishikilie na lebo.image = picha. Na ttk.Button (batani ya kisasa ya Tkinter) ikikataa rangi, ni ile temu (mtindo wa mwonekano) ya Windows inajichorea yenyewe, weka theme_use("clam"), temu nyingine inayokubali rangi. Clam si nzuri sana kwa macho yangu, lakini mwenye duka anataka batani ya kijani, apewe kijani.