Kung'oa gego la mwisho ukiwa macho: usijikaze

Niliposema naenda kung'oa gego la mwisho, kila mtu alinipa neno lilelile: jikaze. Mama alilisema kwenye simu, walimu wenzangu wakalisema ofisini, hata bodaboda aliyenipeleka alilisema huku akinirudishia chenji. Leo ni wiki ya tatu tangu jino litoke. Naandika nikitafuna korosho kwa upande wa pili, na ushauri wangu ni kinyume cha wao wote. Ukishakalia kile kiti, usijikaze.

Nina sababu. Miaka sita iliyopita niling'olewa gego la juu lililooza. Nilikwenda shavu limevimba kama nimeficha embe, sijalala siku mbili, nikamsihi aliyenihudumia alitoe siku hiyohiyo. Akanichoma ganzi, akasubiri kidogo mno, akashika koleo. Nikaguna. "Jikaze dada, linatoka sasa hivi." Nikajikaza. Jino lilitoka kweli, lakini tangu siku hiyo nikisikia tu ile harufu ya karafuu ya vyumba vya meno, tumbo linanivuruga. Karafuu hiyohiyo ambayo kwenye pilau la mama naitafuta kwa kijiko.

Baadaye sana ndipo nikaelewa kwamba ganzi haielewani na usaha. Mahali penye uvimbe na maambukizi pana tindikali nyingi, na dawa ya ganzi inashindwa kupenya vizuri kwenye mshipa wa fahamu. Kwa hiyo daktari akikwambia umeze dawa kwanza, urudi baada ya siku kadhaa, usidhani anakuzungusha. Mimi ndiye niliyekuwa na haraka, naye hakunikatalia.

Tuje kwenye gego lenyewe. Haya ndiyo magego manne ya mwisho kabisa, ambayo kwa wengi huchomoza kati ya miaka 17 na 25, na ndiyo maana watu huyaita meno ya akili. Langu la chini kulia lilichomoza nusu, likakwama. Fizi ikabaki imelifunika kama kofia, chakula kinaingia chini yake, na kila baada ya miezi michache panavimba. Mara ya mwisho mdomo uligoma kufunguka hata andazi likashindwa kupita. Nikawa nalimega vipande vidogo kama nalisha kifaranga. Nikameza antibayotiki nilizoandikiwa, nikasukutua maji ya chumvi, uvimbe ukashuka. Miezi miwili baadaye ukarudi. Maji ya chumvi yanatuliza tu, jino lililolala hayaliinui.

Picha ya eksirei ya taya zima ilionyesha kila kitu. Gego limelala kwa ubavu, limemwegemea jirani yake kama abiria aliyesinzia kwenye daladala. Daktari alinionyesha na mstari mwingine chini ya mizizi, akasema hapo ndipo unapopita mshipa wa fahamu unaoleta hisia kwenye mdomo wa chini na kidevu. Swali hili uliulize kabla hujakubali lolote: mizizi ya jino langu iko karibu kiasi gani na huo mshipa? Ukiguswa, mdomo au kidevu vinaweza kubaki na ganzi kwa wiki au miezi, na mara chache isiondoke kabisa. Afadhali uambiwe ukiwa bado umevaa viatu vyako vizuri kuliko kuja kushangaa nyumbani.

Mimi nilitaka nusu kaputi. Nilalie huku, niamkie kule, yaishe. Daktari hakunicheka. Alisema nusu kaputi ina watu wake: mwenye magego manne yaliyozama yanayotolewa kwa mkupuo, asiyeweza kabisa kufungua mdomo, au mwenye hofu isiyomruhusu hata kukaa kwenye kiti. Lakini inataka chumba cha upasuaji, mtaalamu wa usingizi, tumbo tupu, mtu wa kukurudisha nyumbani, na pesa zaidi. Kwa gego moja, na uvimbe umeshatulia, ganzi ingetosha. Nikamsimulia yule wa karafuu. Nakushauri na wewe usimulie, usione aibu, maana daktari akijua unaogopa nini anabadilisha hata mwendo wake.

Siku yenyewe nilitaka kwenda na njaa, kwa mazoea ya kusikia habari za operesheni. Kwa ganzi peke yake ni makosa. Watu wengi wanaozimia kwenye kile kiti wamezidiwa na hofu, na tumbo tupu linaongezea. Nilikula chapati mbili na maharage, nikapiga mswaki taratibu, nikaenda. Niliulizwa kama nina presha, sukari, pumu, ujauzito, dawa za kuzuia damu kuganda, au dawa inayonidhuru. Taja zote, hata ile unayoinunua dukani bila cheti. Wala usiache dawa zako za kila siku kwa uamuzi wako, mwachie yeye aseme.

Halafu akafanya jambo ambalo ndilo limenifanya niandike. Akanisukuma bega kwa kidole gumba, kwa nguvu. "Huku ni kusukumwa. Hii utaisikia mwanzo mpaka mwisho, ganzi haiiondoi." Kisha akanifinya mkononi kwa kucha. "Haya ni maumivu. Haya hutakiwi kuyasikia hata kidogo. Na leo, mwalimu, wewe ndiye mwanafunzi. Ukiwa na la kusema, nyoosha mkono wa kushoto. Nitasimama."

Miaka sita nilikuwa sijui tofauti ya vitu hivyo viwili.

Sindano zenyewe zilikuwa mbili, moja ndani kabisa nyuma ya taya, nyingine pembeni ya fizi. Alipaka kwanza dawa ya kufisha ngozi ya juu, kwa hiyo mchomo wa kwanza niliusikia kama mbu mwenye hasira. Dakika hiyohiyo moyo ukaanza kwenda mbio na magoti yakacheza. Usiogope hilo. Ganzi nyingi za meno huchanganywa na adrenalini kidogo ili damu isitoke sana na ganzi ikae muda mrefu, na moyo huisikia. Baada ya dakika chache ukatulia. Tukasubiri dakika kumi kwa saa ya ukutani, nikiwa nimekodoa macho kwenye mshale. Mdomo wa chini ukaanza kunenepa, nusu ya ulimi ikapotea, na ganzi ikakoma katikati ya kidevu sawasawa, kama mtu amepiga mstari kwa rula. Akadunga fizi kwa kitu chenye ncha, sikusikia. Akadunga upande wa pili, nikaruka. Kama mdomo wako bado una hisia za kawaida na mtu tayari ameshika chombo, huo ndio wakati wa kunyoosha mkono.

Nitakwambia ukweli kuhusu kuwa macho: kilichonisumbua zaidi ni masikio. Fizi ilipochanwa sikujua. Ile mashine ya kukata ilisikika kama fundi anayekata marumaru nyumba ya jirani, isipokuwa nyumba ya jirani ni kichwa chako. Jino halikutoka zima. Lililolala namna ile hukatwa vipande ili kila kipande kipate njia yake, na kinapovunjika unasikia "kwaa", kama mtu anavunja muwa kando ya sikio. Nilijua ni jino, si taya, kwa sababu aliniambia kabla: "Sasa utasikia sauti." Mwombe daktari wako akutangazie hivyohivyo. Kama huwezi kuvumilia kelele, uliza kama unaruhusiwa kuvaa spika za masikioni, sikio moja tu, ili umsikie akiongea.

Nilinyoosha mkono mara tatu. Mara ya kwanza maji ya mashine yalinijaa kooni nikahisi nazama. Msaidizi akasogeza mrija wa kufyonza, yakaisha. Hapo nikajifunza kupumua kwa pua na kuacha ulimi utulie nyuma. Mara ya pili ulipita mchomo mkali, wa haraka, kama umeme. Hapo ndipo zamani ningejikaza. Nikanyoosha. Akatoa vyombo vyote mdomoni, akaongeza ganzi, tukasubiri tena, na mchomo ule haukurudi. Mara ya tatu haikuwa maumivu, taya lilichoka tu kupanuliwa. Akaniacha nifunge mdomo, nikapumzika, tukaendelea. Hakuna aliyekasirika. Mtu wa nusu kaputi hana mkono wa kunyoosha, na kwangu hiyo ndiyo faida kubwa ya kuwa macho.

Kutoka sindano ya kwanza mpaka nyuzi, dakika arobaini na kitu. Nikapewa gozi, kile kitambaa cheupe cha kufungia vidonda, niing'ate kwa nguvu nusu saa mpaka saa nzima bila kuichungulia. Kila ukichungulia unabandua damu inayojaribu kuganda, na ile damu iliyoganda ndiyo plasta yako. Kwa sababu hiyohiyo, siku ya kwanza hakuna kusukutua, hakuna kutema kwa nguvu, hakuna mrija. Soda ya mrija na sigara vinafyonza, na kinachofyonzwa ni lile bonge la damu. Likitoka mfupa unabaki wazi. Utajua siku ya tatu hadi ya tano, pale maumivu yanapopanda badala ya kushuka, yakielekea sikioni, na mdomo ukanuka vibaya. Hapo rudi ukasafishwe na kuwekewa dawa shimoni, usikae nyumbani ukiongeza vidonge.

Vidonge vya maumivu vimeze ganzi ikiwa bado ipo, usisubiri iishe. Mimi niliandikiwa ibuprofeni na parasetamo. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu au ujauzito aseme mapema, ibuprofeni haimfai kila mtu. Pia usile wala usinywe chai ya moto kabla hisia hazijarudi, na zinaweza kuchukua saa kadhaa. Nilijaribu chai. Sikujua nimeungua mpaka jioni.

Kwa uvimbe nilitumia barafu za ukwaju za jirani, zile anazowauzia watoto, nikizifunga kwenye kanga na kuziweka shavuni dakika ishirini, napumzika, narudia. Nilipomaliza matibabu nilikula dawa yenyewe. Siku ya pili na ya tatu shavu lilikuwa kubwa kuliko siku ya kwanza, na hiyo ni kawaida, usipige kelele. Kelele piga kama damu haikomi kila ukibadilisha gozi, kama una homa kali, au kama kumeza na kupumua kunakuwa kugumu. Hilo la mwisho halisubiri asubuhi.

Chakula kilikuwa uji uliopoa, mtori, parachichi na mtindi. Wali niliuogopa mpaka wiki ya pili kwa sababu punje zinapenda mashimo. Kuanzia siku iliyofuata nilisukutua maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi, baada ya kila mlo, nikiyaacha yadondoke yenyewe kwenye sinki. Nyuzi zangu zilikuwa za kutolewa, zikatolewa siku ya saba bila ganzi yoyote, zinakera tu kama nywele iliyonaswa. Nyingine huyeyuka zenyewe. Uliza zako ni zipi.

Nilirudi darasani siku ya nne, mapema mno kwa mtu anayeishi kwa kuongea. Shavu moja nene, herufi "s" inatoka kama "sh". Nilikuwa nimeomba vipande vya jino langu, vitatu, nikavipeleka kwenye kichupa cha dawa, nikawapitishia Kidato cha Pili wavione, nikawaeleza hilo ndilo jino watu wanaloliita la akili. Kijana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, sasa hizi hesabu nani atasahihisha?"