Taka za masoko yetu na nishati: majibu kwa wasomaji

Kwa nini Mbeya isijenge mtambo wa kuchoma taka ili kupata umeme, kama ilivyofanya Addis Ababa? (Msomaji, Mwanjelwa)

Mtambo wa Reppie, uliozinduliwa mwaka 2018 katika eneo la dampo la Koshe, ulisanifiwa kuchoma takribani tani 1,400 za taka kwa siku na kuzalisha hadi megawati 25. Kabla ya kuutamani, tutazame kilichomo ndani ya taka zetu wenyewe: maganda ya ndizi za Rungwe, majani ya kabichi na viazi vilivyooza, ambavyo sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Taka kama hizo zikitiwa tanurini, joto jingi huishia kuyageuza maji hayo kuwa mvuke, na la kuzalishia umeme hubaki kidogo. Maji hayohayo yanayoushinda moto ndiyo yanayohitajiwa na bakteria wanaotengeneza bayogesi, yaani gesi ya nishati itokanayo na vitu vinavyooza, na kwa sababu hiyo naamini kwa dhati kwamba masoko yetu yaanze na bayogesi.

Je, baridi ya Juni na Julai haitaiua bayogesi? (Msomaji, Njombe)

Haiiui, ila huipunguza. Bakteria hao hufanya kazi vizuri kwenye joto la nyuzi 35 hivi za Selsiasi, nasi huku juu tuko mbali na kiwango hicho. Ndiyo maana mtambo hujengwa chini ya ardhi, ambako joto halibadilikibadiliki, na hufanywa mkubwa kidogo ili taka zikae humo siku nyingi zaidi. Uanzishwe kwa samadi mbichi ya ng'ombe, yenye bakteria tayari, kisha taka za sokoni ziongezwe kidogo kidogo. Matunda mengi yakimiminwa kwa mara moja, mchanganyiko huwa mchachu na gesi hukatika. Mafundi wengi hulaumiwa kwa kosa hili, ambalo kwa kweli ni la mlishaji.

Plastiki nazo zitiwe humo? (Msomaji, Iringa mjini)

Hapana, kwa sababu haziozi. Wala zisichomwe uani, kwani moshi wake una sumu.

Sisi wauza mbogamboga tufanye nini? (Mama wa sokoni, Uyole)

Mama, weka vyombo viwili kwenye meza yako: kimoja cha vinavyooza, kingine cha vilivyobaki. Vikishachanganyika na chupa na mifuko, hakuna anayeweza kuvitenganisha kwa gharama nafuu, na hata tope linalotoka mtamboni, ambalo ni mbolea nzuri, mkulima wa viazi wa Umalila hatalikubali shambani mwake likiwa na vipande vya plastiki.