Friji la jirani, sindano za babu na kioo cha Noah

Wiki hii barua zote zimetoka Moshi, nyingine mjini, nyingine mlimani.

Jirani yetu ameacha friji bovu nje ya ukuta wake tangu masika. Watoto wakicheza kombolela wanajificha humo. Nikimwambia, anajibu ni mali yake. Naruhusiwa kuung'oa mlango mwenyewe? (Mama, Pasua)

Hapana mama, hata kama nia ni njema. Mali haiachi kuwa ya mtu kwa sababu imeharibika, na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamhukumu anayeharibu mali ya mwenzake kwa makusudi kifungo kinachoweza kufika miaka 7. Jirani mkorofi asije akakugeuzia kesi. Ila siku mtoto akikwama ndani, vunja kwanza, maneno baadaye.

Hiyo "mali yangu" nayo haimwokoi. Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 2009 inakataza kuacha kero inayohatarisha watu, na afisa afya anaweza kumwandikia notisi aiondoe. Akikaidi, atajieleza mahakamani. Piga picha, mwone mwenyekiti wa mtaa, kisha mtendaji wa kata. Ukifika huko taja watoto, usitaje uchafu, maana malalamiko ya uchafu yana foleni ndefu.

Wengi hawajui ubaya wa friji tupu. Yale ya zamani yana kitasa kisichofunguka kwa ndani, na friza la kulala lina mfuniko mzito. Hewa huisha upesi, na zile kuta nene na mpira wa mlango humeza kelele za mtoto. Mlango ung'olewe siku ileile fundi anaposema halitengenezeki. Ni kazi ya bisibisi, na wanunuzi wa chuma chakavu watalichukua hivyo hivyo. Moshi tunasifiwa kwa usafi, na sifa hiyo ni halali yetu, lakini mafagio ya barabarani hayafiki uani kwa mtu.

Babu ana kisukari. Sindano zake tulizitia kwenye mfuko wa taka, zikamchoma kijana wa kuzoa taka. Anadai tumlipe. (Mjukuu, Majengo)

Fedha baadaye. Kijana aende kituo cha afya sasa hivi. Dawa za kuzuia VVU huanzwa kabla ya saa 72 kupita, na kila saa inayopotea inapunguza nafasi yake. Aulize pia kuhusu homa ya ini. Kisha ndiyo, gharama zibebeni ninyi. Taka yenye ncha kali mliijua ninyi, yeye aliuona mfuko tu. Kuanzia leo sindano ziingie kwenye dumu gumu, la jiki kwa mfano, bila kurudishiwa vifuniko vyake. Likikaribia kujaa, lipelekeni zahanati.

Makopo matupu ya dawa ya nyanya yanafaa kuwekea maziwa yakioshwa kwa maji ya moto? (Mkulima, Kibosho)

Hayafai hata kwa maji ya kuku. Suuza mara 3, maji hayo yamimine kwenye bomba la kupulizia uyamalizie shambani, toboa kopo, usilichome. Pa kuyapeleka muulize afisa ugani.

Mtoto wa mpangaji mwenzangu, miaka 9, amepasua kioo cha Noah yangu kwa manati. Polisi watamshika? (Dereva, Njoro)

Hawatamshtaki. Aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai. Mzazi ni habari nyingine: unaweza kumdai fidia, hasa kama aliiona manati mkononi mwa mwanawe akanyamaza. Chukua makadirio ya bei kwa wauza vioo wawili, mkae mbele ya mwenyekiti wa mtaa, mwandikishane atalipa lini na kwa awamu ngapi. Mkishindwana, baraza la kata lipo kwa ajili ya usuluhishi. Na usimchape mtoto wa watu. Ukifanya hivyo, mshtakiwa utakuwa wewe.