Muulize Mjomba: Tiketi ni ya nani, na hela ni za nani?

Mwezi huu barua nyingi zinahusu bahati nasibu ya taifa ya Uingereza, yaani lotto, nyingi kutoka kwa watu wetu walioko hukohuko na moja imetoka Tanga. Nimechagua nne.

Shikamoo Mjomba. Tupo watano kazini hapa Leicester, tunabeba boksi, kila Ijumaa kila mtu anatoa pauni 2 na nusu halafu mmoja wetu anaenda kukata tiketi za EuroMillions, mmoja wa michezo ya hiyo lotto. Wiki iliyopita mwenzetu alikuwa ofu hakutoa hela, tukakata bila yake. Sasa anauliza je tungeshinda? Imekuwa ishu kubwa. Sheria inasemaje?

Marahaba mwanangu. Nyie mnacheza mchezo kama ule wa mama zetu nyumbani, tofauti ni kwamba kule kijumbe anajulikana na daftari lipo, nyie daftari hamna. Kampuni inayoendesha lotto, ambayo toka Februari 2024 ni Allwyn na kabla ya hapo ilikuwa Camelot toka mwanzo 1994, inamlipa mwenye tiketi, habari ya kwamba mlichanga watano mtajuana wenyewe, na mkishindwa kujuana mtaonana kwa hakimu.

Kwa hiyo andikeni, tena kabla ya droo inayokuja. Karatasi moja tu inatosha: majina yenu wote, nani anakata tiketi, kila mtu anatoa shilingi ngapi, mnacheza droo ipi, na hilo hilo linalowagombanisha sasa hivi, mtu asipotoa wiki hiyo yumo au hayumo. Wote msaini na muweke tarehe, halafu mpige picha muitupe kwenye grupu la WhatsApp, na kila Ijumaa kijumbe atume picha ya tiketi kabla namba hazijatoka. Mkiona ni usumbufu kumbukeni watu wameburuzana mahakamani kwa ajili ya hizi hela, watu waliokuwa wanakula meza moja.

Halafu kuna jambo wengi hawalijui. Ushindi wa lotto Uingereza haukatwi kodi, lakini aliyelipwa akiwagawia wenzake bila makubaliano yaliyoandikwa kabla, mgao unaweza kuhesabiwa kuwa ni zawadi, na akifariki kabla ya miaka 7 kupita kodi ya mirathi inaweza kuwafuata. Karatasi ya kabla ya droo ndo inayowaokoa hapo.

Mjomba, nimekuta tiketi ya lotto kwenye koti la baridi, sijui hata kama niliiangalia. Bado ina thamani? Na ningekuwa nimeipoteza je? — Mama wawili, Reading

Dada angu angalia tarehe ya droo SASA HIVI kabla hujamaliza kusoma. Una siku 180 toka siku ya droo, ikipita hapo hela inaenda kwenye miradi ya jamii na hakuna wa kumlilia. Juni 2012 kuna mtu alikata tiketi ya EuroMillions maeneo ya Stevenage na Hitchin ikashinda pauni milioni 63.8, wakatangaza wee mpaka Desemba, mwenyewe hakutokea, ikapita.

Na ukipoteza tiketi siku zinapungua, unatakiwa uwaandikie ndani ya siku 30 toka droo. Mume na mke wa Watford mwaka 2001 walikuwa na ushindi wa pauni milioni 3, tiketi hawaioni, ilijulikana kabisa ilinunuliwa wapi na saa ngapi, lakini walikuwa wamechelewa zile siku 30 na hawakulipwa. Hii stori inaniuma mpaka leo.

Ukienda kuiskani dukani simama ukiangalia skrini mwenyewe, na usiondoke bila tiketi yako. Mimi nimefanya kazi kaunta miaka kadhaa, kuna mzee mmoja Mjamaika alikuwa akikata tiketi hasogei, anaomba kalamu, anaigeuza anaandika jina na anuani nyuma taratibu huku foleni inamsubiri, na watu wanakunja sura. Alikuwa na haki kabisa. Oldham mwaka 2012 muuzaji alimwambia bibi mmoja tiketi yake haina kitu, kumbe ina pauni milioni 1, akajaribu kuichukua yeye, akafungwa miezi 30. Ushindi mpaka pauni 100 duka linalipa, kati ya hapo na 500 ni hiari ya mwenye duka, zaidi ya hapo unawasiliana na lotto wenyewe.

Mjomba mimi ni mgeni nimeanza kazi dukani, kaja dogo wa miaka 17 anasema kadi ya lotto ya kukwangua ni ya mama yake. Nimuuzie?

Usimuuzie. Zamani ilikuwa miaka 16, toka 2021 ni 18, na kusema katumwa na mama hakubadilishi kitu. Huna uhakika na umri, omba kitambulisho, hata akikutukana. Duka linaweza kunyang'anywa mashine ya lotto na kesi ikienda mbali sheria inaruhusu kifungo mpaka miaka 2, sasa mgeni kama wewe na makaratasi yako ya ukaazi unajitia huko kwa kadi moja?

Mjomba shikamoo. Baba kapata meseji kashinda lotto ya Uingereza pauni 850,000, wanataka shilingi milioni 1 na laki 2 ya "kibali" ndo watume. Baba anataka kuuza mbuzi. Hajawahi kufika hata Nairobi. — Binti, Tanga

Marahaba mwanangu. Huo ni utapeli, wala usingoje mtu mwingine akuhakikishie. Lotto ile hakuna anayeshinda bila kucheza, hawachagui namba za simu wala imeili, na kucheza kwenyewe lazima uwe umekata tiketi ukiwa kulekule, hata kwa mtandao. Baba tiketi yake iko wapi? Muulize hivyo, kwa upole, usimcheke, maana mzee akiona aibu atatuma hela kimyakimya. Mwambie pia lotto haimtozi mshindi hela ya kibali, ya bima wala ya kusafirisha.

Kama keshatuma kiasi mpigie simu mtandao wenu wa pesa leoleo waombe wazuie muamala, nendeni polisi na hizo meseji msizifute, na watu hao wakipiga tena asipokee, kwa sababu watakuja na sauti nyingine wakisema ni mawakili wanaomsaidia kurudishiwa hela yake. Mbuzi wabaki zizini.