Bajeti dola 600, nianze na bunduki gani ya kijeshi ya zamani?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Houston, makaratasi yangu ni ya ukaazi wa kudumu. Babu mzaa baba alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki) akaenda Burma vita vya pili, habari zile nimekua nazo, sasa nataka kuanza kukusanya bunduki za kijeshi za zamani ila hela yangu ni kama dola 600 tu. Kuna jamaa ananipa tatu kwa mpigo kwa hela hiyohiyo, Mosin moja (ya Kirusi) na Enfield mbili (za Kiingereza), anasema zinataka marekebisho kidogo. Nichukue?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usichukue. Bunduki tatu mbovu kwa dola 600 zitakumalizia hela halafu zikudai nyingine, na siku ukitaka kuziuza hakuna atakayekurudishia hata nusu. Zile enzi za Mosin-Nagant kuuzwa chini ya dola 100, miaka ya 2010 mwanzoni, zimeshapita, sa hivi anayekuuzia rahisi sana kuna kitu anakijua. Nunua moja nzima, isome mpaka uijue, ndo ufikirie ya pili.

Na kwa habari za babu yako mi ningeenda moja kwa moja kwenye Lee-Enfield, risasi ya .303, ndo bunduki ya jeshi la Mwingereza na vikosi vyake kwenye ile vita, pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyoteremka bonde la Kabaw mwaka 1944. Tafuta modeli inayoitwa No. 4, zilitengenezwa kwa mamilioni Uingereza, Canada na hapahapa Marekani kwenye kiwanda cha Savage (hizo zimegongwa US PROPERTY), kwa hiyo spea zipo na mafundi wanaozijua wapo. Mtu akikwambia hii imetoka kwa askari wa KAR Burma, mwambie alete karatasi, hana karatasi basi usiongeze hata senti.

Sasa ukaguzi, maana hapa ndo hela inapookolewa. Kwanza fungua bolti (kile chuma cha kuvuta na kusukuma kinachofunga nyuma ya mtutu) uhakikishe mwenyewe kwa macho na kidole kwamba chemba (pale risasi inapokaa) na magazini ni tupu, hata kama mwenye nayo keshakwambia ni tupu. Halafu angalia ndani ya mtutu kwa taa, unataka mifereji (ile inayozungusha risasi) yenye kingo kali kutoka nyuma mpaka mbele. Weusi kidogo sio kesi, mashimo ya kutu ndo kesi. Risasi nyingi za kijeshi za zamani baruti ya kiwashio chake inaacha chumvi, chumvi inavuta unyevu wa hewani, na askari asipoosha siku hiyohiyo mtutu unaliwa. Hata wewe ukipiga risasi za aina hiyo osha kwa maji ya moto kwanza, kausha kabisa, ndo upake mafuta, kwa sababu mafuta peke yake hayayeyushi chumvi.

Pili pima urefu wa mtutu. Bunduki nyingi hizi ziliuzwa Marekani miaka ya 50 na 60 watu wakazikata wafanye za kuwindia, nyingine zikakatwa zikapewa sura ya No. 5, ile fupi ya msituni, zinauzwa kwa bei ya No. 5 halisi. Ikiwa tupu, funga bolti, ingiza kijiti cha mbao mdomoni mwa mtutu mpaka kigonge bolti, piga alama ya penseli pale kinapotokea, kitoe upime. No. 4 inatakiwa ikupe inchi 25 na ushee. Ikija 22, weka chini uondoke. Lakini ukikuta iliyokatwa mbao tu na mtutu mzima, hiyo ni nafasi ya mtu mwenye bajeti ndogo, mbao unatafuta taratibu unairudisha kwenye hali yake.

Tatu namba. Linganisha namba iliyo ubavuni nyuma ya risiva (mwili wa chuma unaobeba bolti) na iliyo nyuma ya mkono wa bolti. Zikipishana sio lazima ukatae, ila lazima fundi apime hedispesi (nafasi kati ya uso wa bolti na tako la ganda la risasi) kwa geji kabla hujapiga hata risasi moja, maana nafasi ikizidi ganda linaweza kupasuka huku uso wako uko hapohapo. Kwenye No. 4 kichwa cha bolti kinatoka na kimegongwa namba, 0 mpaka 3, nafasi ikizidi unapanda namba. Ukiona 3 tayari na bado geji inakataa, huna tena pa kupanda. Muhuri wa kampuni iliyoingiza bunduki nchini, unaotakiwa kisheria tangu 1968, wakusanyaji wakubwa wanaukimbia, na wewe huo ndo unakupa punguzo bila bunduki kuharibika chochote.

Sheria. Kwa ukaazi wa kudumu uko sawa, ila waambie ndugu zetu walio na viza za muda, za masomo au matembezi, kwamba sheria ya shirikisho inawakataza kumiliki isipokuwa kwa vighairi vichache, na kosa lake linaweza kukufukuzisha nchini. Wewe omba leseni ya mkusanyaji ya ATF (idara ya shirikisho inayosimamia silaha), aina ya 03, dola 30 kwa miaka mitatu. Hiyo inakuruhusu kuagiza kutoka jimbo lingine, bunduki yenye miaka 50 au zaidi ikiwa kwenye hali yake ya asili, ikaja mpaka mlangoni, unakwepa ada ya kuipitisha kwenye duka la bunduki. Ile iliyokatwa mbao haina uhakika wa kuingia humo, ipitishe kwenye duka la bunduki lenye leseni. Lazima uandike daftari la kila unachonunua na kuuza, na leseni sio ya biashara. Ukihamia jimbo kama California au New York soma upya, masharti yao ni mengine. Na tafadhali usifikirie kwenda nayo nyumbani Afrika Mashariki likizo, bila vibali vya pande zote mbili utaishia mikononi mwa polisi.

Kwenye hizo 600 usitumie zote. Tenga kama robo kwa sefu, fundi wa kupima, na vifaa vya kusafishia, na kama kuna watoto nyumbani sefu inanunuliwa kabla ya bunduki. Risasi za .303 bei yake sio rahisi, hivo usipange kupiga kila wikendi.

Ukiipata unayoitaka, kabla hujalipa nitumie picha nne: ubavu wa kushoto wa risiva, mkono wa bolti kwa nyuma, kichwa cha bolti namba ionekane, na mdomo wa mtutu kwa karibu.